Jongoo Mia na Arobaini

Kazi yangu ni kuwazuia wanasayansi wasife majini. Kwenye barua ya ajira imeandikwa kwa heshima zaidi, "Msimamizi wa Uzamiaji wa Kitafiti", lakini maana ni hiyo. Kwa miaka kumi na mmoja hajafa hata mmoja, na hakuna aliyewahi kunishukuru. Wananinunia tu, kwa sababu nawadai vyeti vya afya, nawapigia hesabu ya dakika walizokaa chini, na mtu akija na mafua namrudisha nyumbani hata kama amesafiri siku mbili na mabegi sita.

Kituo chetu kina vyumba vitano juu na ghala moja chini. Ghala ni langu. Ndani yake kuna mitungi ya hewa ishirini na minne, suti za mpira zimetundikwa ukutani zikidondosha maji, mashine ya kujazia hewa ambayo ikinguruma huwezi kusikia mtu anayelalamika, na rafu ya mafaili. Watafiti hunitania kwamba mafaili yangu ni mengi kuliko mitungi. Ni kweli, nimeyahesabu.

Kanuni tunazozifuata zina vifungu hamsini na vitatu, na zote ziliandikwa na mtu mmoja. Kituoni wanamwita Mzee Jongoo. Amekuwa akihesabu jongoo wa baharini tangu mimi sijui kuogelea: sehemu ileile, kina kilekile cha mita ishirini na mbili, mara tisa kila mwaka, kwa miaka kumi na tisa. Huu ulikuwa mwaka wa ishirini. Ukikamilika, kitabu chake kimefungwa, naye astaafu akiwa na hesabu ndefu kuliko ya mtu yeyote ninayemfahamu. Wengine huhesabu miaka mitatu wakachoka, kwani jongoo si mnyama wa kusisimua.

Jambo jingine la kusema juu yake ni kwamba mimi nimemwoa binti yake.

Asiyejua ukwe atadhani hilo ni jambo dogo. Mkwe ukiwa na la kumwambia unalizungusha mpaka linasahau lilikotoka. Sasa jaribu kumwambia mtu wa namna hiyo, mbele ya vijana, kwamba hazami leo mpaka alete karatasi ya daktari inayoeleza hali ya masikio yake. Nimefanya hivyo kila mwaka. Kila mwaka ananitazama kwa ukali, anatoa karatasi mfukoni, anasema, "Vizuri, mkwe. Ungeniachia ningekufukuza kazi." Mimi nampenda mzee huyu. Nilimpenda hata kabla sijamwona binti yake, na mke wangu ananisimanga kwa hilo mpaka leo.

Sasa nieleze tunavyohesabu, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Chini tunatandaza kamba ya mita hamsini. Kila baada ya mita tano tunalaza fremu ya chuma, mraba wa mita moja. Wazamiaji ni wawili, mmoja kushoto kwa kamba, mwenzake kulia. Kwenye kila fremu mzamiaji anaandika namba mbili kwenye kibao cha plastiki kwa penseli: safu ya kwanza ni idadi ya jongoo, safu ya pili ni kiasi cha hewa kinachosomeka kwenye geji. Safu ya hewa aliibuni yeye mzee. Mtafiti akishaona mnyama wake husahau kwamba anapumua kwa mkopo, na kwa kumlazimisha kuandika hewa kila mita tano, unamlazimisha kuitazama. Geji inaanza na mia mbili. Ikifika hamsini, unapanda juu hata kama jongoo wanakupungia mkono.

Tena hakuna kuchunguliana. Kila mmoja anahesabu kivyake, na vibao vikitoka majini vinatiwa kwenye mfuko na kupelekwa moja kwa moja kwa karani wa takwimu, asije mmoja akaiga namba za mwenzake. Kibao cha mwenzako huruhusiwi hata kukitupia jicho. Hicho ni kifungu cha thelathini na moja. Karani wa takwimu ni mke wangu.

Mwaka jana nilizama na mzee mara zote tisa. Mimi ndiye nilikuwa mwenza wake, yaani mtu ambaye hewa ikimwishia atapewa ya mwenzake, na mwenzake ikimwishia atampa yake. Sikuwahi kuona kibao chake.

Mwaka huu wakubwa walileta nyongeza ya kanuni: mzamiaji aliyevuka miaka sitini apimwe akiwa kazini, kina kilekile, siyo kwenye bwawa la kuogelea kama tulivyozoea, na kibao chake kikaguliwe na msimamizi. Mzee aliisoma, akaisahihisha nukta mbili, akasema ni nyongeza nzuri.

Tukazama asubuhi, maji meupe, mkondo hakuna. Mzee alishuka vile anavyoshuka siku zote, mikono kifuani, bila papara. Niliacha upande wangu wa kamba nikamfuata nyuma. Alihesabu, akaandika, akasogea. Kwenye fremu ya saba nikamgusa bega nikamuuliza kwa ishara: hewa kiasi gani? Akaishika geji, akaitazama, akafikiri. Kisha akanionyesha vidole viwili.

Niliishika geji mwenyewe. Ilikuwa mia na kumi na tano. Nikadhani ananitania. Kwa miaka kumi na mmoja hajawahi kunitania chini ya maji, na juu ya maji alinitania mara moja, siku ya harusi yangu.

Tulipokuwa kwenye boti, amevua mapezi na anajifuta uso, nililizungusha swali langu kadiri nilivyoweza, kisha nikalisema.

"Baba, kwenye fremu ya saba nilikuuliza hewa."

"Nikakujibu."

"Ulinionyesha vidole viwili."

"Ndiyo. Walikuwa wawili," akasema. "Mmoja mdogo."

Akanipa kibao, kwa kuwa nyongeza ilisema anipe, akageuka kuzungumza na nahodha habari za injini.

Fremu ya kwanza mpaka ya nne zilikuwa sawa: jongoo watatu, hewa mia na tisini, hakuna jongoo, hewa mia na sabini na tano, na kuendelea. Kuanzia ya tano namba zilihamiana. Jongoo mia na arobaini, hewa moja. Jongoo mia na thelathini, hewa nne. Kwa mujibu wa kibao kile, ndani ya mraba wa mita moja walikuwepo jongoo mia na arobaini, wamerundikana mpaka magotini mwa mtu, huku anayewahesabu amebakiwa na pumzi moja. Fremu ya nane ilisema hewa sifuri. Kwenye ya tisa marehemu aliendelea na kazi, akaona jongoo tisini, akaandika kwa mwandiko mzuri.

Nilicheka kidogo. Kisha nikakisoma tena, na mara ya pili sikucheka.

Kanuni inasema kibao chochote chenye hewa chini ya hamsini kijaziwe taarifa ya ajali. Nikajaza. "Aliishiwa hewa: Ndiyo. Hali yake sasa: Anakunywa chai." Kamati ya usalama ikakutana siku ya pili yake, chumba cha juu chenye feni mbovu: mwenyekiti, ambaye ni mkemia na hata boti iliyofungwa gatini inampa kizunguzungu, daktari wetu wa mkataba, na katibu, ambaye hupiga chapa kila kikohozi.

"Ni safu tu zimepishana," alisema mwenyekiti. "Hata mimi huandika tarehe mahali pa saini."

"Mwenyekiti huandika tarehe akiwa kwenye kiti," nikamjibu. "Huyu yuko mita ishirini na mbili chini. Ameshika geji mkononi, hajui ni geji."

"Daktari, cheti chake kinasemaje?"

Daktari akafungua faili. "Moyo mzuri. Mapafu mazuri. Shinikizo la damu la kijana wa miaka thelathini."

"Na kichwa?"

Daktari akageuza karatasi, akatazama nyuma yake. "Fomu haina sehemu ya kichwa," akasema. Baadaye akaongeza kwamba inaweza kuwa ni kina, maana hewa ya kina huwalevya wengine, inaweza kuwa ni umri, na inaweza kuwa ni mwanzo wa jambo ambalo hapendi kulitaja bila vipimo vya hospitali kubwa. Katibu aliandika yote matatu.

Kamati ikajadili saa moja na nusu. Iliamua vibao vipya vitengenezwe, safu ya hewa iwe nyekundu na safu ya jongoo iwe ya buluu. Hoja ikapita bila pingamizi. Kuhusu mzee mwenyewe, azame au asizame, mwenyekiti alinikumbusha kifungu cha tisa: hilo ni la msimamizi peke yake, wala hakuna mkubwa wa kumwingilia. Kifungu hicho alikiandika mzee ili msimamizi asije kushinikizwa na profesa yeyote mwenye haraka. Hakuwaza kwamba profesa mwenyewe atakuwa ni yeye, na msimamizi anakula kwa binti yake. Walinisukumia zigo lile wakaenda zao chakula cha mchana.

Nikimtilia saini azame, anaweza kufia chini. Nisipomtilia, miaka kumi na tisa inabaki bila mwaka wa ishirini, na mimi ndiye niliyeikata. Nilikaa na saini yangu pale kwenye ngazi, nikaona bora nipate uhakika kwanza. Huenda lilikuwa kosa la siku moja. Nikapanda chumba cha takwimu.

Mke wangu alikuwa peke yake, anapiga namba bila kutazama vidole. Nilimwomba vibao vya mwaka jana.

"Vinafutwa, unajua," akasema. "Vinaoshwa vitumike tena."

"Picha zake, basi. Kanuni inasema mpige picha kabla ya kufuta."

Vidole vikasimama. Nimeishi na mwanamke huyu miaka tisa, najua akinyamaza kwa kuwaza na akinyamaza kwa kuficha.

"Wamekuambia nini kamati?" akaniuliza.

"Wamechagua rangi. Nionyeshe picha, mama watoto."

Akazifungua. Ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu, ya mwezi wa tatu, jongoo mia na sitini, hewa sifuri. Ya nne vilevile. Alikuwa anabonyeza tu, moja baada ya nyingine, mpaka ya tisa. Saba kati ya tisa. Kando yake, kwenye jedwali lililopigwa chapa, kila namba ilikuwa imerudishwa mahali pake, safi, jongoo kwa jongoo na hewa kwa hewa.

"Nilidhani ni macho," akasema. "Nikamnunulia miwani ya maji yenye lenzi. Haikusaidia. Nikasema ni uchovu. Namba zenyewe ni za kweli, alichokosea ni mahali pa kuziweka tu. Sikubuni hata moja, wallahi. Nilikuwa nazipanga."

"Mwaka mzima?"

"Ni baba yangu! Ulitaka nimwanike? Anabakiza mwaka mmoja. Mwaka mmoja tu amalize, kisha hata akisahau njia ya nyumbani tutamshika mkono." Alikuwa ameanza kulia, na kulia kwake ni kwa hasira. "Wewe na vifungu vyako. Mtu akikosea safu amemuua nani?"

Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka tu kujua jambo moja, kwa ajili ya taarifa.

"Kwenye jedwali lako kuna sehemu ya mwenza," nikasema. "Umeandika nani?"

Akatazama skrini. Mke wangu ana akili kuliko mimi, huwa anafika kabla sijamaliza sentensi, lakini safari hii alichelewa, na mimi nilimwona akifika. Alikuwa ameliandika jina langu mwenyewe, kwa vidole vyake, mara saba. Mara saba amepanga namba za baba yake zikapangika, na juu yake akaandika nani alikuwa anamtegemea mzee yule kwa pumzi.

Alifunika mdomo kwa kiganja. Nikasema haidhuru, sikufa. Akasema ninyamaze. Nikashika kiti chake kwa nyuma kwa sababu sikujua nishike nini.

Mzee alishuka ghalani alasiri ile ile, kabla sijamwita. Binti yake alikuwa amekwisha kumwendea na kumweleza yote. Aliketi juu ya mtungi uliolazwa, jambo ambalo limekatazwa, nami sikumwambia.

"Mkwe," akasema, "nilikuwa nikitoka majini na wasiwasi."

"Tangu lini, baba?"

"Zamani kidogo. Nikipanda kwenye boti najiuliza, hivi niliandika nini pale? Kama mtu aliyetoka nyumbani hajui kama amefunga mlango. Sasa jioni naenda kwa binti yangu, namwomba jedwali. Nalikuta sawa. Nasema, ah, uzee wa wasiwasi tu, mambo yako sawa." Akakuna goti. "Mara saba nimelikuta sawa. Nikapona kabisa."

Mashine ya kujazia hewa ilikuwa imezimwa, na kwa mara ya kwanza niliitamani kelele yake.

"Nipe daftari la mizamo," akasema.

Nikampa. Akavaa miwani, akaanza kulisoma mwaka jana wote, mstari kwa mstari, kwa sauti, vile anavyosoma kanuni. Tarehe. Kina. Dakika. Mwenza. Alipofika kwenye mwenza alinyanyua macho, akanitazama, akarudi kwenye mstari unaofuata. Alifanya hivyo mara zote tisa, hakuruka hata moja.

"Ungeishiwa hewa ungekuja kwangu," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Ungeniambia kwa ishara, hewa, hewa. Nami ningekuonyesha vidole." Akavihesabu vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine. "Ningekuonyesha jongoo ni wangapi."

"Haikutokea, baba."

"Nyamaza, mkwe. Hiyo si lugha ya msimamizi." Akalifunga daftari. "Kitabu changu kitaishia mwaka wa kumi na nane. Wa kumi na tisa nitaufuta leo."

"Lakini namba za mwaka jana ni za kweli. Binti yako hakubuni."

"Najua hakubuni. Lakini mimi sijui niliona nini kule chini, na mtu akiniuliza siwezi kuapa. Ufute." Nikatazama pembeni, kwenye suti, nikaanza kuzihesabu bila sababu. Nilisikia uchungu ambao sijawahi kuusikia juu ya baba yangu mzazi, na nasema hivyo bila haya.

Kisha akanyoosha mkono. "Lete ile fomu."

Fomu ya kumsimamisha mzamiaji ina kurasa mbili. Tuliijaza pamoja, mimi naandika, yeye ananisahihisha. Jina. Umri. Miaka ya kuzamia. Kusimamishwa kwa muda au moja kwa moja. Akasema moja kwa moja, nikaandika. Tukafika sehemu ya nne, Sababu, mistari mitatu mitupu. Kalamu ikagoma. Kuandika kwamba akili ya baba mkwe wangu inapotea, kwa mwandiko wangu, katika faili litakalosomwa na kila kijana atakayekuja kituoni baada yake, mkono ulikataa.

"Niandike nini, baba? Ulevi wa kina? Umri?"

Aliwaza muda mrefu. Nikaogopa kwamba amesahau swali.

"Andika kwamba nina mkwe," akasema.

"Baba?"

"Andika hivyo hivyo. Sababu: mzamiaji ana mkwe."

Nikaandika. Akaisoma, akaweka saini yake, nami nikaweka yangu chini yake. Asubuhi katibu aliirudisha ikiwa na kijikaratasi: sababu hii haimo katika orodha ya sababu zinazotambuliwa, tafadhali rekebisha. Nikaipandisha tena juu kama ilivyo.